Flashi haisomi baada ya kugongwa na wanakwambia ufomati? Subiri kwanza

"Habari fundi. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho huku Tandahimba. Nina flashi ya GB 32 nimeitumia misimu mitatu, ndani kuna majina ya wakulima, kilo zao na malipo, vyote viko kwenye Excel. Wiki iliyopita ilikuwa imechomekwa kwenye laptopu mezani, mtu akapita akaigonga na goti, tangu hapo ukichomeka laptopu inatoa mlio ila flashi haionekani. Saa nyingine taa yake inawaka ukiishikilia imeinama kidogo, ukiachia inazima. Nimepeleka steshenari ikaandika USB Device Not Recognized, kijana wa pale akasema ina virusi niifomati. Mwingine kasema niifukie kwenye mchele siku mbili. Kwenye simu nako imegoma. Mwenyekiti anataka taarifa ya msimu kabla ya mkutano mkuu. Nifanyeje, au ndo vimeshapotea?"

Ndugu yangu karani, pole sana. Kwa dalili ulizozitaja hapo kuna uwezekano mkubwa vitu vyako vyote bado vimo ndani, vimekaa vilevile ulivyoviacha, kilichovunjika ni mlango tu. Ila kuanzia dakika hii acha kuiinamisha inamisha hiyo flashi, tafadhali, itoe kwenye laptopu uiweke kwenye bahasha, alafu uendelee kusoma.

Katika maelezo yako yote sentensi iliyonipa picha ni ile uliyoiandika kama unapita tu, kwamba taa inawaka ukiiinamisha. Ile ndo dalili yenyewe. Virusi haviwezi kuwashwa na kuzimwa kwa kuinamisha kitu. Ukiona kitu cha umeme kinafanya kazi kikiwa kimepinda na kinakufa kikinyooka, basi kuna sehemu waya na waya havigusani vizuri, na wewe umeshasema goti limepita hapo.

Ngoja nikufungulie flashi kwa maneno ili usije ukaifungua kwa kisu. Ndani kuna kichuma cha kuchomeka, kuna kabodi kadogo, na juu ya hiyo bodi kuna chipu mbili kubwa: moja ni kontrola, yaani msemaji, nyingine ni memori, ndo ghala lenyewe. Majina ya wakulima wako yako kwenye memori kama chaji ndogondogo za umeme zilizofungiwa, zinakaa hata flashi ikiwa mfukoni haina umeme wowote. Goti halikugusa ghala. Goti lilisukuma mkia wa flashi, na flashi ikiwa imechomekwa inakuwa kama mtaimbo, nguvu yote inaishia pale kichuma kinapokutana na bodi, na pale kimeshikiliwa na miguu minne tu ya lehemu (kama flashi yako ulimi wa ndani ni wa bluu basi ni USB 3, hiyo ina miguu tisa, lakini minne ni ileile ya zamani). Lehemu ikipata ufa mwembamba kuliko unywele inatosha kukufanyia yote uliyoyaeleza.

Miguu hiyo minne, miwili ya pembeni ni ya umeme, volti 5 na mrudio wake, miwili ya katikati ni ya mazungumzo. Kwahiyo flashi inaweza kupata umeme ikawasha taa vizuri kabisa na bado ikawa bubu kwa sababu mguu mmoja wa mazungumzo umeachia. Taa kuwaka haimaanishi imepona, na watu wengi wanadanganyika hapo.

Sasa twende kwenye yale maandishi ya steshenari. Fikiria mkulima anavyofika pale kwenu na magunia yake. Anapiga hodi, unamuitikia, unamuuliza wewe nani, anatoa jina na namba yake, unaangalia kwenye rejista, ndipo magunia yanapanda kwenye mzani. Flashi nayo ndo hivyohivyo. Ikipata umeme inainua volti kwenye waya mmoja wa mazungumzo, hiyo ndo hodi, kompyuta inajua kuna mgeni. Kompyuta inauliza nani wewe, na flashi inatakiwa ijibu kwa namba ya aliyeitengeneza, namba ya aina yake, na umeme kiasi gani inahitaji. Ikishajitambulisha ndo Windows inaijua kuwa ni kifaa cha kuhifadhia, inasoma mpangilio wa ndani, FAT32 au exFAT au NTFS, mwishoni kabisa inaipa herufi, E au F, nawe unaiona.

Ya kwako inapiga hodi, inaitikiwa, alafu ikiulizwa nani inanyamaza au inajibu maneno yaliyokatikakatika. Windows inauliza tena na tena, ikichoka inaandika USB Device Not Recognized. Ukifungua Device Manager, ile orodha ya Windows ya vifaa vyote vya kompyuta, utakuta imeandikwa Unknown USB Device, pembeni Device Descriptor Request Failed, na ndani yake Code 43. Maana yake ni kwamba mgeni kakataa kutaja jina, basi, hamna siri nyingine pale.

Kwahiyo kijana wa steshenari nisimseme vibaya, hilo la kufomati ni jibu la ugonjwa mwingine. Kufomati ni kupanga upya rejista ya ndani ya ghala, na wewe hata mlangoni hujapita, utafomati nini? Hatari iko pale ambapo utaiinamisha, kwa bahati ikashika, Windows ikakwambia You need to format the disk, ukabonyeza ndiyo, na katikati ya kazi ikaachia tena. Hapo utakuwa umechukua tatizo la lehemu ukaliongezea tatizo la data. Maandishi hayo yakitokea bonyeza Cancel, kila mara, hata mtu akikuhakikishia vipi.

Virusi vipo, tena kwenye kompyuta zinazotumiwa na kila mtu ndo nyumbani kwao, ila dalili yake ni nyingine kabisa. Flashi inasoma, inafunguka, ila folda zako zimegeuka shotikati au inaonyesha tupu wakati nafasi imejaa. Pale mafaili yamefichwa tu. Mwenye shida hiyo afungue Command Prompt, lile dirisha la Windows la kuandikia amri, aandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (E ibadilishwe kwa herufi ya flashi yake) yatarudi kuonekana, kisha ayakopi pembeni bila kubofya zile shotikati na aisafishe flashi kwa antivairasi. Hata hapo kufomati si hatua ya kwanza.

Mchele upikwe. Flashi yako haijalowa. Na hata iliyolowa, mchele hauna nguvu ya kuvuta maji yaliyojificha chini ya chipu, unaacha vumbi tu. Iliyodondoka baharini, maana sisi wa Mikindani na Shangani hayo ni mambo yetu, isichomekwe kabisa, isuuzwe kwa maji safi kutoa chumvi, kisha spiriti, ikaushwe vizuri ndo ipelekwe kwa fundi. Chumvi ikikutana na umeme inakula shaba usiku mmoja.

Nikiwa hapo hapo kwenye kuliwa, kuna kitu cha kwetu huku kusini ambacho maelezo ya mitandaoni hayakitaji: salfa. Ile ya unga tunayopulizia mikorosho kwa ajili ya ubwiri unga. Salfa inaungana na shaba na kuifanya nyeusi. Meno ya flashi yamepakwa dhahabu nyembamba sana, ikishachubuka kwa kuchomekwa mara nyingi, shaba ya chini inabaki wazi, na ofisi nyingi za vyama meza ya karani na mifuko ya salfa viko chumba kimoja au vimepishana ukuta. Nimeshapokea flashi na kadi za memori kutoka Newala na Nachingwea zina meno meusi kama moshi wa koroboi, nikafuta kwa pamba yenye spiriti ikaamka hapohapo. Wewe nawe fanya hivyo mara moja kabla ya lolote, pamba kidogo, spiriti, meno yasuguliwe taratibu kwa urefu, isubiri ikauke dakika kumi. Haigharimu kitu. Ila kwa hadithi yako ya goti sitegemei miujiza hapo.

Ukishaifuta ijaribu mara moja tu, mara moja, kwenye kompyuta ya mezani, tundu la nyuma. Matundu ya mbele yanaunganishwa kwa waya mpaka kwenye bodi mama na huwa yamechoka, ya nyuma yamechomelewa kwenye bodi yenyewe. Usitumie habu, kile kigawio cha kuchomekea vitu vingi kwenye tundu moja, wala waya wa kuongezea. Tundu la USB 2 linatoa miliampea 500, la USB 3 linatoa 900, flashi moja inatosheka na lolote kati ya hayo, ila ikipitia habu ya bei chee yenye vitu vinne juu yake ndo shida inapoanzia. Na kama ulimi ni wa bluu kuna ujanja mdogo: ichomeke polepole sana. Ikiingia taratibu ile miguu minne ya mbele inagusa kabla ya mitano ya ndani, na mara nyingi flashi inajiandikisha kama USB 2, itakopi kwa mwendo wa kobe lakini itakopi.

Ikiwa imekaa, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua Disk Management. Usitazame This PC, pale inaonekana flashi iliyofika mwisho wa safari tu. Kwenye Disk Management ukiiona na ukubwa wake, GB 29 na ushee (hiyo ndo 32 kwa hesabu ya Windows, hujaibiwa), ila haina herufi, basi bofya upande wa kulia wa mausi, chagua Change Drive Letter, ipe herufi, shukuru Mungu na anza kukopi. Ukiiona imeandikwa RAW ujue mlango uko sawa na rejista ndo imevurugika, kazi hiyo inafanyika na programu ya TestDisk au PhotoRec, ni za bure, PhotoRec inasoma bila kuandika juu na TestDisk haiandiki mpaka wewe uiamuru, sharti unachookoa ukihifadhi kwenye diski nyingine na sio kwenye flashi hiyohiyo. Ukiona No Media na ukubwa sifuri, hapo msemaji yu hai lakini hawasiliani na ghala lake, hiyo ni habari nzito kidogo, nitairudia. Na usipoiona kabisa, au imerudi na Code 43, ambayo ndo ninaitegemea kwako, simama hapo. Usijaribu tundu la pili wala la tano. Kila umeme unapokatika ghafla kontrola inaweza kuwa katikati ya kusogeza vitu ndani kwa ndani, maana flashi hupanga vitu vyake yenyewe hata wewe ukiwa unasoma tu, na ramani yake ikivurugika ndipo tatizo la lehemu linapogeuka kuwa msiba.

Najua ninachosema kwa sababu nimeshaua. Mwanzoni mwanzoni nilipoanza kazi hii aliniletea mwalimu mmoja flashi ya matokeo ya wanafunzi, ilikuwa inashika na kuachia, mimi kwa kiherehere nikapiga chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski, ili "kurekebisha". Ikarekebisha kweli. Iliachia katikati, nilipoirudisha nikakuta folda inaitwa FOUND.000, ndani FILE0000.CHK, FILE0001.CHK, mamia, majina yote ya mafaili yamefutika. Tulikaa siku tatu tunafungua moja moja kujua lipi ni lipi, na mengine hayakufunguka. Tangu hapo mimi kwangu kukopi ndo kwanza, kurekebisha baadaye kama kuna haja, na mara nyingi haipo, maana flashi mpya unainunua hata kwa mmachinga stendi, majina ya misimu mitatu hayauzwi stendi.

Sasa matibabu. Ile flashi inahitaji miguu yake ichomelewe upya. Usipeleke kwa fundi wa kuweka Windows, peleka kwa fundi simu anayefanya bodi, yule mwenye darubini mezani na pasi ya lehemu yenye ncha nyembamba. Hapa Mtwara mjini wapo, Masasi wapo, hata huko kwenu ukiuliza vizuri anaweza kupatikana. Mwambie hivi: sitaki uniponye flashi, nataka isimame dakika ishirini nikopi. Fundi akisikia hivyo anapumua. Kama kichuma kimevunjika kabisa atachukua kebo ya zamani ya USB, aikate, achomelee nyaya nne moja kwa moja kwenye bodi: nyekundu volti 5, nyeupe na kijani mazungumzo, nyeusi mrudio. Ni njia ya kishamba kwa macho lakini inaokoa kuliko zote. Sharti apime kwa mita kwanza, kebo za bei rahisi hazifuati rangi, na volti 5 ikiingia kwenye waya wa mazungumzo au ikigeuzwa, kontrola inakufa hapohapo na hamna pole itakayoirudisha. Na asipige blowa, ile mashine ya kupuliza hewa ya moto. Joto la blowa likikaa juu ya memori linaweza kuvuruga zile chaji nilizokwambia, kwa miguu minne pasi inatosha.

Mwulize swali moja kabla hujamkabidhi: umeshawahi kuchomelea flashi ukatoa data? Akikujibu "tutajaribu" bila kuifungua na kuitazama kwenye darubini, chukua flashi yako. Na uwepo pale, usiiache. Kuna akaunti na malipo ya watu mle, ni wajibu wako.

Ikishika, kopi folda zote kwa mkupuo kwenda kwenye laptopu, usifungue faili hata moja ukiwa ndani ya flashi, Excel huwa inapenda kuandika vifaili vyake vya muda palepale faili lilipo. Ukishakopi ndo ufungue zile nakala uzikague.

Kuna hali ambazo nitakwambia ukweli kwamba fundi wa mtaani hatoshi. Flashi ikisema No Media, au chipu ikipata joto mpaka huwezi kuishika, au flashi ikiwa ni zile ndogo kama ukucha ambazo kila kitu kimemiminwa ndani ya kipande kimoja cheusi, hizo hazina miguu ya kuchomelea. Hizo zinataka maabara ya kuokoa data, na kwa sisi maana yake ni safari ya Dar, wanasoma memori kwa mashine maalumu na kukusanya vipande, kwa sababu kontrola nyingi huandika data ikiwa imechanganywa kwa fomula yake. Bei yake inauma, na hamna wa kukuahidi asilimia mia. Kwa orodha ambayo ina nakala za karatasi mimi nisingeenda huko kabla ya kuhesabu siku za kuchapa upya.

Na hilo ndo la kufanya leo wakati flashi iko kwenye bahasha. Fungua simu yako, kwenye mafaili ya WhatsApp kuna folda ya Documents na ndani yake Sent, kila Excel uliyowahi kumtumia mwenyekiti au bwana ushirika kwa simu hiyo inaweza kuwa pale bado. Angalia barua pepe zilizotumwa. Kwenye laptopu tazama Downloads, na ndani ya Excel nenda File, Info, Manage Workbook, kuna Recover Unsaved Workbooks. Ukiona majina ya mafaili yako kwenye orodha ya Recent usifurahi, yale ni majina tu, faili lenyewe liko kwenye flashi. Alafu vitabu vya stakabadhi za mzani, nakala zinabaki ofisini, jumla zake zitakusaidia kuhakiki chochote utakachookoa.

Ukinunua flashi mpya, ukiona ya TB 2 kwa bei ya GB 32 ikimbie. Ni gunia lenye korosho juu na kokoto chini: kontrola imefundishwa kudanganya ukubwa, ukishavuka nafasi ya kweli inaandika juu ya vitu vya zamani na hakuna kosa litakalotokea kwenye skrini mpaka siku ya kufungua. Programu ya H2testw inaipima kwa kuijaza yote na kuisoma tena, iache usiku kucha kabla hujaweka kitu.

Mwenyekiti mwambie ukweli mapema kwamba flashi imevunjika mlango na unaishughulikia, usimwambie virusi. Ukiamua kushuka Mtwara mjini panda gari la alfajiri, njoo na flashi ikiwa bado kwenye bahasha haijafunguliwa, njoo na laptopu yenyewe na chaja yake, na kipande chochote cha plastiki kilichodondoka siku ile ya goti kama bado unacho, maana wakati mwingine mguu wa lehemu unaotafutwa umeng'ang'ania hukohuko.